Kuizunguka Green Point: Safari ya Miguu kwenye Njia ya Mbio za Magari ya Umeme Cape Town

Njia ya mbio za magari ya Cape Town, Afrika Kusini, ina urefu wa kilomita 2.921 na kona 12. Iko Green Point, mtaa wa pwani uliobanwa kati ya kilima cha Signal Hill na Bahari ya Atlantiki, na inapita kando ya uwanja wa mpira uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Kwa mwisho wa wiki moja tu, ulioishia Jumamosi tarehe 25 Februari 2023, barabara hizi zilikuwa mali ya Formula E, mashindano ya dunia ya magari ya umeme yenye kiti kimoja. Siku nyingine zote ni barabara za mji kama nyingine: hupita mabasi, teksi, waendesha baiskeli na watu wanaowahi kazini.

Mwandishi wa masimulizi haya aliizunguka njia hiyo kwa miguu, akianzia bandarini V&A Waterfront na kurudi hapo hapo. Kwa mwendo wa kawaida safari hiyo haimalizi saa moja, hata kwa mtu anayesimama kila kona. Dereva aliyekuwa na kasi kuliko wote siku ya mashindano aliimaliza kwa dakika moja na sekunde zisizofika nane. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya njia ya mjini kuwa jambo la kusomwa kwa makini, kwa kuwa lami ni ile ile na kinachobadilika ni matumizi yake, pamoja na makubaliano ya watu waliokubali kuiazima.

Mahali penyewe

Anayetoka Waterfront huanza safari akiwa na bahari upande mmoja na mlima upande mwingine. Nyuma yake kuna gati ambako vivuko vya kwenda kisiwa cha Robben hupakia abiria. Mbele unaonekana uwanja wa mpira, mweupe na wa mviringo, na juu yake mgongo wa Signal Hill. Nyuma zaidi, siku isiyo na mawingu, Mlima wa Meza unaonekana wote, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari.

Njia ya mbio ilitumia barabara zilizo kati ya uwanja huo, bandari na ufuko, zikiwemo Helen Suzman Boulevard, Vlei Road na Beach Road. Jina la Vlei linaeleza historia ya ardhi yenyewe. Kwa Kiafrikana neno hilo lina maana ya bwawa au ardhi oevu, na zamani sehemu hii ilijaa maji wakati wa masika ya huko, ambayo huangukia katikati ya mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakoloni wa Kiingereza walishindanisha farasi kwenye uwanda huu huu. Wakati wa vita vya 1899 hadi 1902 kati ya Waingereza na Makaburu, mateka wa Kikaburu waliwekwa hapa kambini kabla ya kusafirishwa kwa meli ng'ambo. Kwa hiyo magari ya umeme hayakuwa mashindano ya kwanza ya kasi Green Point. Yalirithi uwanja ambao mji umekuwa ukiutumia kwa michezo na shughuli za umma kwa zaidi ya miaka 200.

Upande wa bahari, Mouille Point, upo mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1824. Ndio mkongwe kuliko yote inayofanya kazi Afrika Kusini. Upande wa kilima, saa sita kamili mchana, husikika mzinga unaopigwa kutoka Signal Hill kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Chini ya kilima hicho hicho, kuelekea katikati ya mji, uko mtaa wa Bo-Kaap wenye nyumba za rangi kali na msikiti wa Auwal ulioanzishwa mwaka 1794. Wakazi wake wa asili ni wazao wa watumwa na watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri kutoka Mombasa au Unguja anayepita mtaa huo na kusikia adhana hahitaji kuambiwa kwamba bahari iliwahi kuwaunganisha watu hawa.

Jambo lingine la mahali hapa ni upepo. Tangu miezi ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita daktari kwa sababu huusafisha mji moshi na hewa nzito. Kwa mkazi ni tiba, lakini kwa dereva wa mbio ni mchanga kwenye lami na msukumo wa ubavuni pale gari linapotoka nyuma ya jengo na kuingia sehemu ya wazi.

Mashindano yaliyokuja

Mbio za magari katika barabara za mji si jambo jipya. Monaco ilianza mwaka 1929 na inaendelea hadi leo. Singapore ilianza mbio zake za usiku mwaka 2008, Baku ikafuata mwaka 2016, na Las Vegas ikarudisha magari ya Formula One katikati ya mji mwaka 2023. Katika miji hiyo, mbio hufuata watu mahali walipo badala ya kuwapeleka watu kwenye uwanja ulio mbali mashambani.

Formula E ilijengwa juu ya wazo hilo tangu mwanzo. Chanzo chake ni mazungumzo ya mwaka 2011 mjini Paris kati ya Alejandro Agag, mfanyabiashara wa Kihispania, na Jean Todt, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Mbio za kwanza zilifanyika Beijing tarehe 13 Septemba 2014, na mshindi akawa Lucas di Grassi wa Brazili. Tangu msimu wa 2020/21 mashindano haya yana hadhi kamili ya ubingwa wa dunia.

Zipo sababu mbili za kuchagua miji. Ya kwanza ni kwamba gari la umeme halitoi moshi, na mlio wake ni mdogo kuliko wa injini ya petroli, hivyo linaweza kukimbia karibu na nyumba za watu na hospitali bila kero ile ile. Ya pili ni ya kiufundi. Katika njia yenye mnyoosho mrefu, betri huisha haraka. Penye kona nyingi za kupunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta kila dereva anapofunga breki, na sehemu ya nguvu iliyotumika hurudi kwenye betri. Kona za mji, ambazo kwa gari la kawaida ni usumbufu, kwa gari hili ni kisima.

Afrika iliingia kwenye ratiba Novemba 2016, mbio zilipofanyika Marrakesh, Moroko, katika siku zile zile mji huo ulipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi. Kusini mwa Sahara kulibaki tupu. Mara ya mwisho mashindano ya dunia ya magari ya kiti kimoja kufika huku ilikuwa tarehe 14 Machi 1993, pale Alain Prost aliposhinda mbio za Formula One katika uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg. Nchi iliyomzaa Jody Scheckter, bingwa wa dunia wa 1979, ilikaa karibu miaka 30 bila kuona mbio za ngazi hiyo. Cape Town ilipangiwa tarehe ya Februari 2022, ikaahirishwa, na hatimaye ikapokea wageni wake mwaka mmoja baadaye.

Kuigeuza barabara kuwa njia ya mbio

Mtu anayetembea Green Point leo hupita juu ya vitu ambavyo kwa kawaida havionekani: mifuniko ya chemba za maji taka, viungio vya lami mpya na ya zamani, mistari ya rangi ya vivuko vya waenda kwa miguu, kingo za visiwa vya katikati ya barabara. Kwa gari la abiria linalokwenda kilomita 60 kwa saa hivi ni vitu vidogo. Kwa gari la mbio, ambalo tumbo lake liko sentimita chache kutoka chini, kila kimoja ni hatari inayopaswa kushughulikiwa.

Kazi hufuata mpangilio unaofahamika katika miji yote. Kwanza huchorwa njia, na wakaguzi wa FIA huithibitisha: upana wake, kona zake, sehemu za kukimbilia gari linapokosa breki, na njia za magari ya kubebea majeruhi. Kisha lami hurekebishwa pale palipobonyea au kupasuka. Visiwa, nguzo fupi na matuta huondolewa. Mifuniko ya chemba hufungwa kwa kuchomelewa au kwa kukazwa kwa namna isiyoweza kunyanyuka, kwa sababu gari la mbio hufyonza hewa chini yake kwa nguvu kubwa. Umuhimu wa hatua hii ulionekana Las Vegas mwezi Novemba 2023. Dakika chache baada ya mazoezi ya kwanza kuanza, gari la dereva Carlos Sainz liligonga mfuniko wa valvu ya maji uliolegea, likaharibika vibaya, na mazoezi yakasimamishwa.

Baada ya hapo huja kuta. Vipande vya zege vyenye uzito wa tani kadhaa kila kimoja hushushwa kwa kreni na kupangwa pembeni mwa barabara, kimoja baada ya kingine, na juu yake huwekwa uzio wa waya mzito wa kuzuia vipande vya gari kuwarukia watazamaji. Mwisho wa mnyoosho huwekwa vizuizi laini vinavyofyonza mshtuko. Hujengwa majukwaa, karakana za muda, chumba cha waongozaji wa mbio na kituo cha tiba. Madaraja ya muda huwavusha watu juu ya njia.

Kazi nyingine, isiyopigwa picha sana, ni ya kuwaandaa wenyeji. Kila barabara inayofungwa ina mtu anayeishi ndani yake, mgonjwa anayekwenda kliniki, duka linalosubiri mzigo na basi lenye ratiba. Mji hulazimika kutoa vibali vya wakazi, kuhamisha vituo vya basi na kutangaza mapema saa za kufunga na kufungua. Green Point ilikuwa na faida moja: tangu Kombe la Dunia la 2010, lililoleta hata nusu fainali ya Uholanzi na Uruguay kwenye uwanja huu, mtaa umezoea kufungiwa barabara na kupokea umati. Mashindano hayakuhitaji kujenga miundombinu ya kupokea watu kuanzia sifuri, kwa kuwa ilikuwapo.

Gari lenyewe

Magari yaliyokimbia Cape Town yalikuwa ya kizazi cha tatu cha Formula E, yaliyoanza kutumika msimu ule ule. Gari moja pamoja na dereva wake lina uzito usiopungua kilo 840. Nguvu yake ya juu ni kilowati 350, na lilibuniwa kufika kilomita 322 kwa saa, ingawa katika barabara fupi za mji halipati nafasi ya kufika huko. Lina mota mbili. Ya nyuma hulisukuma, na zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hukusanya nguvu wakati wa kupunguza mwendo, hadi kilowati 600 kwa pamoja. Uwezo huo ni mkubwa kiasi kwamba magurudumu ya nyuma hayakuwekewa breki za kawaida za mafuta. Kwa mujibu wa waandaaji, takribani asilimia 40 ya nishati inayotumika katika mbio moja hutoka kwenye breki.

Hapa ndipo mbio hizi zinapotofautiana na nyingine. Dereva mwenye kasi kuliko wote si lazima ashinde, kwa sababu nishati aliyopewa haitoshi kwenda kwa kasi kamili mwanzo hadi mwisho. Lazima aachie mapema kabla ya kona, akusanye nguvu, ajifiche nyuma ya gari la mwenzake ili kupunguza upinzani wa hewa, kisha achague wakati wa kupita. Sheria za msimu ule pia zilimlazimisha kupita mara mbili kwenye kipande cha nje ya mstari mzuri wa kona. Alipokipita aliruhusiwa kutumia kilowati 350 badala ya 300 kwa dakika chache, lakini alipotoka nje wenzake waliweza kumpita. Faida hulipiwa kwanza, kisha ndipo hupatikana.

Siku ya mbio

Asubuhi ya tarehe 25 Februari ilikuwa ya kuwania nafasi za kuanzia. Sacha Fenestraz wa Nissan alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 7.848, sawa na wastani wa karibu kilomita 155 kwa saa, kuta za zege zikiwa karibu naye pande zote mbili. Wenyeji walipata huzuni mapema. Kelvin van der Linde, Mwafrika Kusini aliyekuwa akimshikia nafasi dereva aliyeumia, hakuanza mbio. Timu yake na timu ya Mahindra, zilizokuwa zikitumia mfumo mmoja wa mota, ziliyaondoa magari yote manne baada ya kutilia shaka usalama wa sehemu za nyuma za kushikilia magurudumu. Uamuzi huo ulimgharimu van der Linde nafasi ya pekee mbele ya watu wake, lakini ulikuwa sahihi, kwani ukuta wa zege hausamehe chuma kilicholegea.

Mbio zilianza baada ya saa kumi alasiri. Katika mzunguko wa kwanza tu Pascal Wehrlein wa Porsche, aliyekuwa akiongoza msimamo wa ubingwa, aligonga gari la Sébastien Buemi na safari yake ikaishia hapo. Mwenzake wa timu, António Félix da Costa wa Ureno, alikuwa ameanza nafasi ya 11. Alipanda hatua kwa hatua, akafika mbele, akapitwa na Jean-Éric Vergne wa Ufaransa, kisha akampita tena katika mizunguko ya mwisho na kushinda. Vergne alikuwa wa pili na Nick Cassidy wa New Zealand wa tatu.

Jambo moja zito lilikuwa nje ya kuta. Wiki mbili kabla, tarehe 9 Februari, katika mji huu huu wa Cape Town, Rais Cyril Ramaphosa alitangaza hali ya maafa ya kitaifa kwa sababu ya mgao wa umeme. Mwaka 2022 nchi hiyo ilikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 200. Formula E husafiri na jenereta zake zinazotumia mafuta yatokanayo na mimea, kwa hiyo magari hayakutegemea gridi. Hata hivyo hoja ilibaki kwa kila aliyerudi nyumbani na kukuta giza: usafi wa gari la umeme ni usafi wa umeme unaolichaji, na umeme mwingi wa Afrika Kusini hutokana na makaa ya mawe. Kwa kipimo hicho Kenya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, iko karibu zaidi na ahadi ya mashindano haya kuliko mji uliopewa kuyaandaa.

Baada ya bendera

Cape Town haikuwemo kwenye ratiba ya msimu wa 2024, wala ya msimu uliofuata. Mwandishi alipoimaliza njia na kurudi Waterfront, hakukuwa na ukuta wala uzio uliobaki njiani. Kilichobaki ni barabara, na ushahidi kwamba mji wa Afrika uliweza kuandaa mbio za ngazi ya dunia katikati ya makazi ya watu.

Ushahidi huo una maana kwa Afrika Mashariki, ambayo si geni katika michezo ya namna hii. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirudi kwenye ubingwa wa dunia. Desemba 2024, FIA ilipofanya mkutano wake mkuu na hafla ya tuzo Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza nia ya Rwanda kuleta Formula One. Septemba 2025 Kigali ilifunga barabara na shule kwa zaidi ya wiki moja kwa ajili ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wowote wa kwetu utakaofuatwa na mashindano ya barabarani una haki ya kuupima mkataba kwa msemo huo kabla ya kutia saini: lami itakayobaki ni ipi, mkazi atalipwa nini kwa siku za kufungiwa mlango, vijana wangapi watafundishwa ufundi wa magari hayo, na mgeni ameahidi kurudi mara ngapi. Barabara ni za wananchi, na anayeziazima lazima aombe kwa wenyewe.